Sura ya Tano: Wenyeji wa Njia ya Hariri

Mwaka 1907 mwanaakiolojia Aurel Stein alikuwa akifukua mnara mkongwe wa ulinzi karibu na Dunhuang, pale jangwa linapoanza magharibi mwa Uchina, akakuta mfuko wa barua ambazo hazikuwahi kufika zilikokuwa zikipelekwa. Ziliandikwa kwa Kisogdi, lugha ya Samarkand na miji jirani yake, mwanzoni mwa karne ya 4. Mbili kati ya barua hizo ni za mwanamke aitwaye Miwnay. Mumewe, Nanai-dhat, alimleta Dunhuang yeye na binti yao Shayn, kisha akaondoka asirudi tena. Miwnay aliomba msaada kwa wakubwa wa jumuiya ya Wasogdi mjini hapo, akawaendea na jamaa za mumewe, na kila mmoja akamsukumia kwa mwenzake. Ni kuhani wa hekalu peke yake aliyemwahidi ngamia na mtu wa kumsindikiza. Kwa mumewe Miwnay aliandika bila kumung'unya maneno: heri angeolewa na mbwa au nguruwe kuliko kuwa mke wake. Chini ya barua hiyo Shayn akaongeza mistari yake mwenyewe, kwamba mtu waliyemtegemea ametoroka, madeni yameachwa juu yao, na sasa mama na mwana wanawatumikia Wachina.

Katika mfuko huohuo mlikuwa na barua ya mfanyabiashara, imefungwa kwa hariri, ikielekezwa Samarkand, safari ya zaidi ya kilomita 3,000. Anawaarifu wakubwa wake kwamba Luoyang, mji mkuu wa Uchina, umechomwa moto, mfalme amekimbia kwa sababu ya njaa, na Wasogdi waliokuwa mjini humo wamekufa. Akishamaliza habari hizo nzito anarudi kwenye kazi: miski aliyoituma, na namna fedha zake zitakavyogawanywa.

Nimetanguliza barua hizi kwa sababu vitabu vingi humfikisha msomaji Asia ya Kati akiwa amepanda farasi wa mgeni. Huingia na Aleksanda wa Makedonia, hutoka na Chinggis Khan, hurudi na Marco Polo, na mwisho hukuta majeshi ya Urusi. Eneo lote huonekana kama barabara tupu ambayo wakubwa hupita wakienda kupigania au kununua kitu kwingine. Barua za Dunhuang zinatuonyesha kwamba barabara hiyo ilikuwa na wenyewe. Wasogdi walikuwa na mawakala, madalali, mahekalu na wakuu wao katika miji ya Uchina, na hariri nyingi iliyosafiri kwenda magharibi ilipita mikononi mwao. Katika sura hii nataka kuwafuata waliokaa, na kuuliza walifanya nini kila mkubwa alipobisha hodi.

Kwanza ardhi. Nchi tano za leo, yaani Kazakistani, Uzbekistani, Turkmenistani, Tajikistani na Kirgizistani, zina jumla ya kilomita za mraba zipatazo milioni 4. Kazakistani peke yake ina milioni 2.7, na ndiyo nchi kubwa kuliko zote duniani zisizopakana na bahari kuu. Uzbekistani iko ndani zaidi: mtu akitoka humo, upande wowote, lazima avuke angalau nchi mbili ndipo aione bahari kuu. Mashariki na kusini imesimama milima ya Tian Shan na Pamir, yenye vilele vya zaidi ya mita 7,000. Barafu ya milima hiyo inalisha mito miwili, Amu Darya na Syr Darya, ile ambayo Waarabu waliiita Jayhun na Sayhun. Kaskazini ni nyika isiyo na mwisho, na katikati ni jangwa.

Mito hiyo na nyika hiyo ndivyo vilivyotengeneza watu wa aina mbili. Kando ya mito waliishi wakulima na mafundi wa mijini, wengi wao kwa karne nyingi wakizungumza lugha za jamii ya Kiajemi, kama Watajiki wa leo. Nyikani waliishi wafugaji wa kuhamahama, ambao baadaye wengi wao walizungumza lugha za Kituruki, kama Wakazaki, Wakirgizi na Waturkmeni. Wauzbeki walitokana na kuchanganyika kwa pande zote mbili. Mfugaji alihitaji nafaka, nguo na vyuma, na mtu wa mjini alihitaji farasi, ngozi, sufu na nyama. Walipigana mara nyingi, lakini soko liliwarudisha pamoja kila mara.

Farasi ndio waliomleta Mchina. Mwaka 138 kabla ya Kristo mfalme Wu wa ukoo wa Han alimtuma Zhang Qian kwenda magharibi kutafuta washirika dhidi ya Xiongnu, wafugaji waliokuwa wakivamia mipaka yake. Zhang Qian alikamatwa na haohao Xiongnu, akakaa mateka miaka kama kumi, akaoa na kuzaa huko, kisha akatoroka. Washirika hakupata. Alipata habari za bonde la Fergana na farasi wake, na mfalme alipotaka kuwanunua akakataliwa, akatuma jeshi kati ya mwaka 104 na 101 kabla ya Kristo hadi akawapata. Tangu wakati huo mkubwa wa mbali alikuwa tayari kupoteza maelfu ya askari ili apate kitu ambacho mwenyeji aliona kuwa ni mali yake ya kuuza au kutouza.

Waislamu walikuja kutoka upande wa pili. Qutayba ibn Muslim aliiteka Bukhara mwaka 709 na Samarkand mwaka 712. Mwaka 751, kwenye mto Talas, jeshi la Waabbasi na washirika wake lililishinda jeshi la Uchina la ukoo wa Tang, na muda mfupi baadaye vita vya ndani viliwarudisha Wachina nyumbani. Uislamu ukabaki. Lakini tazama walichofanya wenyeji na dini hiyo iliyoingia kwa upanga: ndani ya karne moja na nusu walikuwa miongoni mwa walimu wake wakubwa kabisa. Kila aliyesoma madrasa Lamu, Tanga au Unguja anamjua Imamu Bukhari. Alizaliwa Bukhara mwaka 810, akazunguka nchi za Kiislamu kukusanya na kuchuja Hadithi, akafa mwaka 870 katika kijiji karibu na Samarkand. Inasimuliwa kwamba liwali wa Bukhara alimtaka awafundishe watoto wake peke yao, faraghani. Akakataa kuwatenga na wanafunzi wengine, na ndipo akalazimika kuuhama mji wake. Mwenzake Tirmidhi alitoka Termez, mji ulio ukingoni mwa Amu Darya. Al-Khwarizmi, aliyeweka misingi ya aljebra, jina lake lenyewe linamtaja kuwa mtu wa Khwarazm, kwenye delta ya mto huohuo. Al-Biruni alizaliwa Khwarazm mwaka 973, na Ibn Sina karibu na Bukhara mwaka 980, chini ya watawala wa Kisamani waliokuza ushairi na elimu kwa Kiajemi. Sijui eneo jingine la ukubwa ule lililotoa watu wa namna hiyo ndani ya muda mfupi kiasi kile.

Maangamizi ya Wamongolia yalianzia kwenye biashara. Mwaka 1218 msafara wa watu wapatao 450, uliotumwa na Chinggis Khan, ulifika Otrar, mji wa mpakani kwenye Syr Darya. Gavana akawashuku kuwa wapelelezi, akawaua na kuchukua mali yao. Chinggis akatuma wajumbe kudai fidia. Mtawala wa Khwarazm akaua mmoja na kuwafedhehesha waliobaki. Mwaka 1220 Bukhara na Samarkand zilianguka, na mwaka uliofuata Urgench ikabomolewa. Waliokufa hawahesabiki. Jambo linalosahaulika ni kwamba wafanyabiashara waliouawa Otrar wengi wao walikuwa Waislamu wa eneo hilohilo, waliokuwa wameshaanza kufanya kazi na Wamongolia. Mmoja wa watu wa aina hiyo, Mahmud Yalavach wa Khwarazm, alitumwa na Chinggis kama mjumbe kabla ya vita, na baada ya vita akapewa kuisimamia nchi yake iliyokuwa magofu, kisha akahamishiwa kaskazini mwa Uchina kusimamia kodi huko. Mwanawe Masud Bek aliendeleza utawala nyumbani na kujenga madrasa Bukhara. Wengine watamwita msaliti. Mimi naona mtu aliyekuta nyumba imeshaungua akaamua kuokoa kilichosalia.

Timur, aliyezaliwa mwaka 1336 karibu na Shahrisabz, aliukusanya utajiri wa nchi alizoziharibu akaujenga nao Samarkand. Mjukuu wake Ulugh Beg ndiye ninayempenda zaidi. Alijenga kituo cha kuchungulia nyota, na orodha yake ya mwaka 1437 ina nyota 1,018 zilizopimwa upya. Mwaka 1449 aliuawa kwa amri ya mwanawe wa kumzaa. Mzao mwingine wa ukoo huo, Babur wa Andijan, alifukuzwa na Wauzbeki akaenda kuanzisha ufalme wa Mughal nchini India mwaka 1526. Na huko India, akiwa mfalme, Babur aliendelea kuyakumbuka kwa uchungu matikiti ya kwao.

Sasa Urusi. Ilianza na nyika: mwaka 1731 Khan Abulkhair wa Wakazaki alikula kiapo kwa Urusi akitafuta kinga dhidi ya maadui zake wa mashariki, na Warusi wakaichukulia kinga hiyo kuwa ni milki. Mwaka 1865 Jenerali Chernyayev, akiwa na askari wasiofika 2,000, aliiteka Tashkent. Samarkand ikafuata mwaka 1868, Khiva mwaka 1873, na utawala wa Kokand ukafutwa mwaka 1876. Waturkmeni walipinga hadi ngome yao ya Geok Tepe ilipovunjwa mwaka 1881 na maelfu wakauawa.

Waandishi wa Kiingereza wameigeuza miaka hiyo kuwa hadithi ya ushujaa wa wapelelezi wao na wa Kirusi, wakaiita Mchezo Mkuu. Maofisa wawili, Stoddart na Conolly, waliokatwa vichwa Bukhara mwaka 1842, wameandikiwa kurasa zisizo na idadi. Sitaongeza nyingine. Kilichoibadilisha nchi kilikuwa pamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilikata pamba iliyokuwa ikilisha viwanda vya dunia. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyopunguza vitambaa vya merikani katika maduka ya Unguja. Viwanda vya Urusi navyo vikatafuta mahali pengine. Mbegu za Kimarekani zikaletwa, reli ikafika Samarkand mwaka 1888, na ngano ikaanza kusukumwa nje ya mashamba ili kupisha pamba. Mkulima ambaye babu yake alilima chakula na kuuza kilichozidi sasa alikopa mbegu, akanunua ngano ya mbali, na kusubiri bei iliyopangwa Moscow.

Mwaka 1916 mfalme wa Urusi aliamuru wanaume wa umri wa miaka 19 hadi 43 wachukuliwe kwa kazi za kijeshi nyuma ya uwanja wa vita. Eneo zima likaasi. Wakirgizi walikimbia na mifugo yao kuvuka Tian Shan kwenda Uchina, na makumi ya maelfu wakafa njiani kwa baridi, njaa na risasi. Mwaka uliofuata mfalme mwenyewe aliondolewa, na wakaja Wabolsheviki.

Kuanzia mwaka 1924 utawala wa Kisovieti ulichora jamhuri. Mistari ilipitishwa kati ya watu walioishi mtaa mmoja na kuzungumza lugha mbili nyumbani. Samarkand na Bukhara, miji ya Watajiki wengi, iliwekwa Uzbekistani. Bonde la Fergana likakatwa vipande vitatu. Sokh hadi leo ni ardhi ya Uzbekistani, wakazi wake ni Watajiki, na imezungukwa pande zote na Kirgizistani. Maandishi nayo yakabadilishwa mara mbili, kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kilatini, kisha za Kirusi, kiasi kwamba mtoto aliyesoma shule mwaka 1940 hakuweza kusoma barua za babu yake.

Jambo baya kuliko yote liliwapata Wakazaki. Serikali ilipowalazimisha wafugaji wakae mahali pamoja na kukabidhi mifugo yao, mifugo ikafa, na kati ya mwaka 1930 na 1933 watu wapatao milioni 1.5 walikufa kwa njaa. Zaidi ya theluthi moja ya Wakazaki wote walitoweka. Juu ya ardhi hiyo iliyopungukiwa na watu Stalin akawamwaga wengine aliowaadhibu: Wakorea zaidi ya 170,000 kutoka mashariki ya mbali mwaka 1937, Wajerumani wa mto Volga mwaka 1941, Wachecheni mwaka 1944. Wengi walishushwa kwenye treni wakati wa baridi, na waliowapokea walikuwa watu walioijua njaa kwa majina ya maiti zao. Wakorea hawakupata kabeji walizozizoea kwa kachumbari yao, wakachukua karoti, wakazikata nyembamba kama nyuzi na kuzitia siki, pilipili, kitunguu saumu na mafuta ya moto. Leo karoti hizo zinauzwa kwa marundo katika masoko ya Tashkent na Almaty, na kila mtu huzila.

Pamba ikaendelea. Mifereji mikubwa, pamoja na ule wa Karakum wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,300, iliyatoa maji ya mito na kuyapeleka jangwani. Mwaka 1960 Bahari ya Aral ilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 68,000, karibu sawasawa na Ziwa Viktoria. Hebu msomaji wa Mwanza au Kisumu afikirie ziwa lake likiondoka ndani ya maisha ya mtu mmoja. Muynak ulikuwa mji wa wavuvi wenye kiwanda cha kusindika samaki. Sasa maji yako zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, na mashua za chuma zimekaa juu ya mchanga ambako watoto hupanda na kuteremka. Upepo unapeperusha chumvi na mabaki ya dawa za mashambani hadi vifuani mwa watu. Wakubwa wa Tashkent nao waliandikia Moscow tani za pamba ambayo haikuwahi kuota. Kila vuli wanafunzi, walimu na wauguzi walipelekwa kuchuma, na desturi hiyo iliendelea baada ya uhuru. Ni mwaka 2022 tu ndipo mashirika yaliyokuwa yakisusia pamba ya Uzbekistani yalipositisha mgomo huo.

Nyika ya Kazakistani ikapewa kazi nyingine. Kutoka Baikonur Yuri Gagarin alirushwa angani tarehe 12 Aprili 1961. Huko Semipalatinsk, kati ya mwaka 1949 na 1989, majaribio 456 ya nyuklia yalifanyika, mengine hewani, huku wanavijiji wakiwa jirani. Mwaka 1989 mshairi Olzhas Suleimenov aliyekuwa amealikwa televisheni kusoma mashairi alitumia nafasi hiyo kuyalaani majaribio, na vuguvugu likaenea nchi nzima. Kiwanja kikafungwa tarehe 29 Agosti 1991. Nchi hiyo changa iliporithi vichwa vya nyuklia zaidi ya 1,400, ilivitoa vyote, cha mwisho mwaka 1995. Uamuzi huo ulikuwa wa watu wanaojua bomu linafanya nini kwa mtoto.

Uhuru wa mwaka 1991 ulizikuta nchi tano zikiwa na reli, mabomba na nyaya zote zikielekea Moscow. Tajikistani iliingia vitani yenyewe kwa yenyewe hadi mwaka 1997. Turkmenistani ilijifungia, ikatambuliwa na Umoja wa Mataifa kuwa nchi isiyofungamana na upande wowote. Nyingine zilijifunza upesi kutomtegemea mkubwa mmoja. Kirgizistani kwa miaka kadhaa ilikuwa na kambi ya Marekani ya Manas na ya Urusi ya Kant, zote karibu na Bishkek, kila moja ikilipa kwa njia yake. Mwaka 2009 bomba la gesi kutoka Turkmenistani lilifika Uchina, na ndipo Urusi ilipopoteza nguvu ya kuwa mnunuzi mkuu. Mwaka 2013 Rais Xi Jinping wa Uchina alichagua Astana kutangazia mpango wake wa njia mpya ya biashara. Januari 2022 Rais Tokayev wa Kazakistani aliomba askari wa muungano unaoongozwa na Urusi kuzima ghasia nchini mwake. Juni mwaka huohuo, ameketi St. Petersburg jukwaa moja na Putin, alisema wazi kwamba hatatambua mamlaka zilizojitangaza Donetsk na Luhansk, mashariki mwa Ukraine. Hakuna aliyeweza kumwita kibaraka tena.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba uhuru huo unamfikia kila mtu. Katika baadhi ya miaka fedha zinazotumwa na Watajiki wanaofanya kazi Urusi zimekaribia nusu ya pato la taifa lao. Kijana wa Kulob anayejenga maghorofa Moscow hana nafasi ya kucheza na wakubwa wawili, na baada ya shambulio la Machi 2024 kwenye ukumbi wa Crocus karibu na Moscow, ambalo washukiwa wake walikuwa Watajiki, wengi kama yeye wamesumbuliwa na kurudishwa makwao.

Kwa maoni yangu mambo makubwa ya sasa ni yale ya jirani na jirani. Zamani za Kisovieti nchi za milimani ziliachia maji wakati wa kiangazi ili kumwagilia pamba ya bondeni, na bondeni wakarudisha gesi na makaa wakati wa baridi. Makubaliano hayo yalivunjika. Watajiki walikaa gizani majira ya baridi, wakaamua kufufua ujenzi wa bwawa la Rogun, lenye ukuta uliopangwa kufika mita 335. Mwaka 2012 Rais Karimov wa Uzbekistani alionya kwamba ugomvi wa maji unaweza kufikia vita. Baada ya kifo chake mwaka 2016, mrithi wake Shavkat Mirziyoyev alifungua mipaka, na ndege kati ya Tashkent na Dushanbe zikarejea mwaka 2017. Kirgizistani na Tajikistani, zilizopigana mpakani Septemba 2022 na kuua watu zaidi ya 100, zilitia sahihi mkataba wa mpaka Machi 2025. Mwishoni mwa mwezi huo marais wa nchi hizo mbili na yule wa Uzbekistani walikutana Khujand wakakubaliana ni wapi hasa mipaka yao mitatu inakutana. Wakubwa hawakuwa mezani.

Kazi ngumu imebaki kwenye Amu Darya. Tangu mwaka 2022 Afghanistan inachimba mfereji wa Qosh Tepa, wa kilomita 285, kutoka mto huo. Waafghani wana haki ya maji hayo na watu wenye njaa wa kuwalisha. Mgawo uliokubaliwa na nchi tano mwaka 1992 uliendeleza hesabu za Kisovieti, na Afghanistan haikuwa na sahihi ndani yake. Ndiyo maana wajumbe wa Tashkent wanakwenda Kabul kuzungumza na Taliban, kabla mfereji haujafika mwisho na kabla mashamba ya Khwarazm hayajaanza kukauka.